Sitasoma Kwamba Ulikuwa Mpole

Shangazi,

Mwangaluka. Najua hutaitika, lakini wewe ndiye uliyenikataza kuanza maneno bila salamu.

Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi lako. Ukoo umeamua mimi nisome neno, eti kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne. Mimi, ambaye wageni wakija najificha jikoni! Nilikubali kwa ajili yako. Kisha mwenyekiti wa kikundi chenu cha maigizo akaniletea karatasi, ameshaandika kila kitu.

Nimeisoma mara tatu na kila mara nimekasirika upya. Anasema ulikuwa msanii mahiri. Sawa. Halafu anasema: "Hata alipoigiza mama mkwe katili, sote tuliona kwamba moyoni ni mpole."

Nani aliona? Shangazi, nani?

Nilikuwepo pale mnadani Bariadi. Ngoma mbili zilikuwa zikishindana upande wa pili, na ninyi mkaanzisha igizo lenu vumbini, bila hata spika. Ulikaa kwenye kigoda, mke wa mwanao wa kwenye igizo amepiga magoti na njaa yake, ukawa unatafuna michembe, viazi vile vikavu, polepole. Ukachukua kipande kingine, ukakipuliza vumbi, ukala. Watu wakaanza kuhama kutoka kwenye ngoma, mmoja mmoja, kisha makundi. Kwetu kuna sifa gani kubwa kuliko watu kuiacha ngoma na kuja kwako? Wakakuzomea. Bibi mmoja akakuinulia fimbo.

Kesho yake sokoni muuza nyanya akafunika meza yake kwa kitenge. "Nyanya za nini? Nenda katafune michembe yako, mchoyo we!" Nililia kwa aibu. Wewe ulicheka mpaka ukashika nguzo. "Leo nimesifiwa," ukasema, "we walia nini?"

Siku hizo Baba alisema unaaibisha ukoo. Sasa wote wanakuosha, kana kwamba kuigiza ubaya kulikuwa kosa la kusamehewa. Upole wako ulikuwa wetu, wa nyumbani. Ulikuwa unauacha nyumbani makusudi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na ndiyo wanayoifuta.

Jana nilimrudishia mwenyekiti karatasi yake. Nilikuwa na mengi, yakatoka machache tu: "Hii siisomi. Shikamoo." Hata salamu ilikuja mwisho. Akacheka. "Binti, marehemu hasemwi vibaya."

Vibaya! Hakuelewa hata kidogo.

Nimeandika ya kwangu. Najua Baba atanikata jicho. Lakini nakuahidi, sitaondoka pale mbele kabla sijawaambia kwamba walikuchukia kweli, wote, na kwamba wewe ndiye uliyewafanya wakuchukie.

Kwaheri, Shangazi. Lala. Sitawaacha wakusamehe.

Binti wa kaka yako