Inchi Mbili za Huenda

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamka tena moyo unadunda. Sababu sina. Nimelala vizuri, sijagombana na mtu, mama watoto anaimba jikoni. Ni kama nimesahau jambo kubwa. Dukani nimekagua pasi mara nne. Haikuwa hata kwenye umeme.

Jumanne, 4 Juni
Mwalimu amerudisha suruali. Eti nimemshonea yeye na jirani yake. Jioni dereva naye — shati linampwaya. Miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, sijawahi kuaibika hivi.

Alhamisi, 6 Juni
Kumbe! Nimefungua daftari la vipimo. Kiuno cha thelathini na mbili nimekata thelathini na nne. Vifua vivyo hivyo. Mkono wangu unaongeza inchi mbili za huenda. Huenda akanenepa. Huenda nilipima vibaya. Wiki tatu nzima nawavalisha watu wasiwasi wangu. Nimecheka peke yangu mpaka kinyozi wa jirani akachungulia.

Ijumaa, 7 Juni
Muuguzi amefuata sketi yake (inapwaya, bila shaka). Nikamweleza yote. Akanipima presha — iko sawa. Amesema wasiwasi mwingine huja bila kuitwa. Nisiutafutie sababu, maana nikiitafuta sitaikosa. Niuache ukae, nipumue polepole, niendelee na kazi. Nikamwambia basi huo wasiwasi utakaa kwenye kigoda cha wateja. Akasema sawa, ila usiupime kiuno.

Jumatatu, 10 Juni
Gauni la harusi la binti yangu. Harusi Jumamosi. Kitambaa amekinunua mwenyewe, kipande cha mwisho kwenye duka la vitambaa, kinatosha kamili. Nikiweka huenda zangu, mikono ya gauni haitoki. Siku tatu nakizunguka tu.

Leo mama watoto amechoka kuniangalia: maji ukiyavulia nguo, yaoge. Haya. Binti amekaa kigodani na chai yake. Nikamwambia hapo pana mgeni. Akasogea kidogo, akampisha, bila hata kuuliza ni nani. Nampenda mtoto huyu.

Nimepumua mara tano. Nimechora chaki. Akiba ya mshono ipo, ya huenda haipo. Akauliza, Baba, umeniongezea kidogo? Nikasema hapana. Akasema sawa, akanywa chai.

Nimekata mpaka kwapani. Moyo unadunda vilevile. Nimesimama niandike haya, mkasi uko ndani ya kitambaa, bado upande wa kushoto — binti ananiita, anasema chai yangu inapoa, nimalizie kukata.