Kasanduku ya Kuiga Ampli

Kamina, 14 avril 1999

Mutoto yangu Malachie,

Wakomapo? Uko muzima? Tamar bibi yako, batoto, na ule mugongo yenye ilikuwa nakusumbua, yote inaendelea muzuri? Siye huku twiko, tunapumua. Béni njo iko naandika, lakini maneno ni yangu. Kama anaruka kitu, utaona pahali kalamu ilisimama. Anacheka. Béni, andika kama unacheka.

Unajua namna dada yako alikufa akaniachia huyu mutoto akiwa anatambaa. Leo iko na miaka kumi na munane, murefu kama muti ya bendera, na ile urefu njo iko naniua. Basoda beko napita nyumba ku nyumba, banakamata bijana, banabapeleka ku vita. Mutoto wa Mama Saumu walimukamata na sabuni mu uso, alikuwa naoga. Tangu Pasaka Béni haiko natoka inje. Bakiuliza nani analala humu, najibu: "Minyi na bwana yangu." Si uongo. Kwetu mujukuu si tunamuita bwana ya kambo yake, mama ya mama yake? Weye pia ulikuwa bwana ya mama yangu, ulimukulia karanga zake zote. Basi banafikiri ni muzee wa kukohoa, banaenda.

Lakini gitare, Malachie! Jirani yetu muzee Kalenga, ule wa reli, alimufundisha, sasa hawezi kuacha. Mukono ya mupiga gitare ikikosa kazi, miguu inaenda inje. Akipiga na ampli, ile mashini ya kukuza sauti, hata kiziwi wa ku gare ya treni anajua kuko kijana humu. Akipiga bila ampli, anasema haisikie kitu, anaanza kuangalia mulango. Ule mulango naogopa kuliko basoda.

Anasema kuko kasanduku ya kukanyanga na muguu, pedale, yenye inaigaka sauti ya ampli. Unaingiza gitare huku, unaingiza kaske ya masikio kule, na ni weye tu peke yako unasikia. Namna gani kitu kama kopo ya sardine inakuwa ampli? Lakini hata mujane anakohoaka na sauti ya mwanaume juu mwizi aogope. Basi tafuta. Alimasi, ule mucuruzi rafiki ya marehemu baba yako, anakuletea samaki. Uza, ununue. Barua iko mu gunia ya samaki, usikasirikie harufu.

Mama yako

Lubumbashi, 6 mai 1999

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana, jambo tena. Twiko bazima, mugongo ilipoa, Tamar anakusalimia na mikono mbili. Barua ilifika, samaki pia. Paka ya jirani ilitaka kusoma barua mbele yangu.

Nilienda na Ismaili, ule anapigaka gitare mu orchestre ya huku. Tuliona pedale tatu. Ya kwanza ni nyekundu, inang'aa, lakini inaunguruma tu, haiige ampli, na kaske haiingii. Ya pili iko na mabutoni kama avion ya kuruka mbinguni, inaiga ma-ampli mingi mingi, lakini inakula courant, umeme ya ku ukuta. Ya tatu ni nyeusi, imekwaruzwa, inaiga ampli moja tu, mais inaiga kabisa. Iko na tundu ya kaske, na inatembea na pile, betri ndogo.

Ismaili anasema ya mabutoni njo inakomaza musicien. Minyi nashindwa kuchagua, Mama. Nikikosea, si Ismaili njo atalia. Béni aseme: ni ya kujifunza tu mu chumba, ao kuko pahali anataka kupiga mbele ya bantu? Asinidanganye.

Mutoto yako,
Malachie

Kamina, 23 mai 1999

Malachie wangu,

Wakomapo? Mugongo isirudie, usibebe maji, una batoto ya kubeba maji. Minyi magoti inaniuma, lakini ile ni mazungumuzo ya magoti na mvua, acha yaongee.

Béni alisoma barua yako, akasema "ya mabutoni!" mbele nimalize kukaa. Nikamuuliza: courant ya Kamina unaijua? Ni kama mukwe mubaya, inakujaka siku ya karamu tu, na inaenda mbele ya kuosha sahani. Nyeusi, Malachie. Ya pile. Ile yenye imekwaruzwa imeshazoea mateso.

Sasa uliuliza kama atapiga mbele ya bantu. Oh, mutoto yangu. Muzee Kalenga iko mubaya, hata uji haipiti. Akienda, bibi yake Émerence atakuja kuomba gitare ya matanga. Kwetu mwalimu yako hazikwi na gitare ya mwingine, unajua. Béni anasema atapigia ndani ya chumba, kamba ya umeme itoke ku dirisha, ipite nyuma ya jiko, ifike ku mashini ya micro ya kuhubiria ya kanisa, ile ya batri ya gari, kule ku kilio. Aliisha kujaribu zamani: gitare ukiiweka ku ile mashini bila kasanduku, inalia kama mbu mu chupa. Lakini na kasanduku, itatoka kama ampli kabisa, na bantu batasema ni kaseti.

Minyi nilikataa. Kisha nikaona Émerence akipita na ndoo, hakuuliza kitu, alisalimia tu. Nikaitika na macho chini. Basi tuma mbio.

Mama yako mwenye haiko nalala

Kamina, 20 juin 1999

Malachie,

Uko muzima? Sema ndiyo, kisha unisikilize. Leo Phébé wa kanisa njo iko naandika, juu Béni anaenda, na sipendi asikie sauti yangu.

Kasanduku ilifika. Juma mbili nyumba ilikuwa kimya, nilikuwa nachungulia vidole ya Béni tu, nikijua iko napiga. Kisha muzee Kalenga akatuacha.

Tulifanya kama ulisoma. Kamba ilipita nyuma ya jiko, minyi nikaweka kiti juu yake, nikaifunika na kikwembe. Sauti ilitoka, Malachie! Bantu balisema: kaseti gani hii, ya wapi? Basoda babili walipita, balisikiliza, mumoja akaenda. Mwingine akabakia, mutoto tu, na bunduki kwa magoti.

Kisha Émerence akaanza kulia. Unajua kilio ya mujane: anaita bwana yake, anasimama, anangojea. Na gitare ikamujibu. Akaita tena, ikajibu chini kidogo, kama muzee mwenyewe alikuwa anajibuka. Hatukumuambia Béni asijibu! Nani angefikiri kumuambia? Kwetu mujane akiita, hawezi kujiitikia peke yake, gitare njo inamuitikia.

Ule musoda akasimama, akafuata kamba na macho mpaka ku kiti yangu. Akainama.

"Kambo, kaseti haijibu bantu."

Nikavuta kikwembe juu ya kamba.

"Minyi ni mutoto wa hapa karibu, Kabondo-Dianda, najua desturi ya kilio. Nani iko ndani?"

"Bwana yangu."

"Bwana yako iko na vidole ya kijana." Alitaka kucheka, akaacha. "Asisimame sasa, wote watajua. Amalize wimbo. Commandant wetu pia ni muntu wa kwetu, kesho anakuja kutoa pole. Yeye pia ana masikio."

Akarudi kukaa. Sijue jina yake. Mama yake apate usingizi huko eko.

Basi treni ya leo, mbele commandant afike. Béni iko kati ya magunia ya mahindi, Alimasi iko mu wagon ingine na barua hii ndani ya samaki, basikamatwe pamoja. Kasanduku anayo ndani ya shati. Gitare nimebakisha, inaonekana sana.

Barua za posta banafunguaka ku gare, basi hapana kuandika jina ya Béni. Akifika, uniombe gitare. Kama hakufika, usiniandikie kitu. Nitajua.

Mama

Lubumbashi, 25 juillet 1999

Mama yangu,

Jambo sana, jambo mara na mara. Magoti? Huku vumbi tu, baridi ya asubuhi. Tamar alikohoa, akapona. Batoto beko masomo. Paka ya jirani ilizaa mu sanduku ya viatu vyangu. Salimia Mama Émerence, umuambie pole yangu haijaisha. Phébé, weye mwenye unamusomea, usiruke mustari.

Mama, ile gitare iko ku ukuta yako inakula vumbi bure. Mupatie Alimasi ailete. Kuko mwenye ananiambia kamba nyembamba ya gitare ilikatika ku wimbo ya mwisho, hakukuambia juu usiogope. Za mupya tunazo hapa.

Mutoto yako Malachie,
na bwana yako