Figo ya Atoo

Makindye, Kampala
9 Machi 2025

Mdogo wangu Atoo,

Unisamehe kwa kimya changu cha tangu Krismasi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Kisumu, na kwamba bado unapimwa shinikizo la damu kama ulivyoagizwa, maana mwenye figo moja hana ya akiba. Mimi siwezi kuandika kwamba sijambo. Ningekupigia simu, lakini pumzi yangu haimalizi sentensi, nami sipendi sentensi zisizomalizika.

Korona iliyonipata Desemba haijaondoka. Wengine huumwa siku chache wakapona. Mimi nameza dawa za kuituliza kinga ya mwili ili isiikatae figo uliyonipa, kwa hiyo sina askari wa kuufukuza ugonjwa. Hospitalini walinitundikia dripu ya dawa ya kupambana na virusi. Homa ikashuka, nikamshukuru Mungu, kisha ikarudi. Wakarudia dawa ile ile. Safari hii homa haikushuka kabisa.

Daktari wangu ni binti mmoja aitwaye Nabwire. Asubuhi yuko wodini, mchana yuko katika maabara wanakozitafiti dawa hizi. Alipeleka sampuli yangu huko. Majibu yalipotoka alivuta kiti, akakaa mbali nami, akasema, "Mzee, virusi vilivyomo mwilini mwako si vile vilivyoingia. Vimekaa na dawa hadi vimejua kuikwepa."

Nikamwuliza, "Vimejifunzia kwangu?"

"Kwako, mzee."

Nilifundisha Kiswahili katika chuo cha polisi hadi nilipostaafu, na sikuwahi kumwogopa mwanafunzi. Huyu namwogopa.

Sasa wanapendekeza dawa mbili mpya kwa pamoja, zinazovishambulia virusi kutoka pande mbili, ili vikiikwepa moja vinaswe na nyingine. Lakini mojawapo inagombana na dawa zangu za figo. Itabidi hizo zipunguzwe sana, na kinga ya mwili ikiamka inaweza kuigeukia figo. Figo ikifa, nitarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Baba alipopewa ndama na mjomba, hakumchinja hata mwaka wa njaa kabla ya kumwuliza mjomba. Nami nakuuliza wewe. Usipokubali, nitamwambia daktari hapana.

Kaka yako,
Olanya


Kisumu
15 Machi 2025

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima, shinikizo langu ni zuri, na cherehani zinalia kutwa kwa sababu shule zinataka sare. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Ukikuta makosa humu, iache kalamu nyekundu mfukoni.

Mimi si mjomba, na figo si ndama. Sikubali.

Umesahau ulivyokuwa kabla hatujaenda India kwa upasuaji? Mimi sijasahau. Ulikuwa ukitoka kwenye ile mashine uso umegeuka majivu, nakufuta jasho, unaniambia, "Atoo, niacheni nipumzike." Mtu mzima, afande mzima, unaomba kuachwa ufe. Ndipo nikalala chini ya kisu. Sikukupa nyama yangu ili watu wakaifanyie majaribio. Wao wanatafiti, lakini wewe ni kaka yangu. Wakutafutie dawa isiyoigusa figo. Dunia nzima imeikosa?

Kikohozi kitaisha tu. Wifi Amito akupikie uji wa mtama, nawe uache kubishana na yule jirani yenu Swaibu mambo ya mpira, unajimaliza pumzi bure.

Mdogo wako,
Atoo


Makindye
4 Aprili 2025

Mdogo wangu Atoo,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Keti kabla hujaendelea.

Siku barua yako ilipofika, nilimwambia Nabwire hapana. Hakubishana. Aliuliza tu, "Unakaa na nani nyumbani?" Nikamjibu kwamba nakaa na mke wangu. Akasema, "Basi madirisha yawe wazi, na msilale chumba kimoja." Tukafanya hivyo. Swaibu hupita barabarani akapaza sauti, "Afande, kifungo chako kinaisha lini?" Mimi humpungia mkono, kwa sababu sauti yangu haimfikii.

Amito anakohoa. Ilianza kama mafua, akanificha. Alikuwa akikoholea jikoni huku amefungulia maji ya bomba ili nisimsikie. Ugonjwa wake wa sukari unaujua. Nabwire alimpima, kisha akapeleka sampuli yake maabara ili ajue kama ile dawa ya kawaida itamfaa. Jana alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni. Alisema, "Mama, ni vile vile vya mzee. Vimekuingia vikiwa vimekwisha kuizoea dawa."

Amito akasema, "Kumbe hata ugonjwa wake ni mkaidi kama yeye." Alicheka peke yake, na kicheko kikaishia katika kukohoa.

Yeye hana figo ya kuombewa ruhusa, kwa hiyo wamekwisha kumwanzishia zile dawa mbili. Hakuna anayejua zitamsaidia kiasi gani.

Nilidhani kitu ninachoweza kupoteza ni figo tu. Nabwire anasema kwamba kadiri virusi hivi vinavyoendelea kukaa ndani yangu, ndivyo vitakavyozidi kujifunza, na yeyote aingiaye humu nyumbani anaweza kuondoka navyo, akavifikisha sokoni au katika wodi yenye watu dhaifu kuliko mimi. Sikulaumu, Atoo. Mimi ndimi niliyekuuliza, tena nilikupa neno langu, nami silivunji bila wewe. Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili.

Kaka yako,
Olanya


Kisumu
8 Aprili 2025

Kaka,

Leo sina salamu. Jibu ni ndiyo. Mwambie daktari ndiyo, na umwonyeshe karatasi hii kama hakuamini.

Nilikuwa naiogopa ile mashine. Nilifikiri nikisema hapana nimekulinda, kumbe wifi yangu yuko jikoni anafungulia maji. Sikumfikiria hata kidogo. Nilimtaja kwa uji tu.

Figo ni yako. Ikifa, imekufa ikiwa yako, na mimi sitakudai chochote wala sitalia mbele yako.

Nakuja mwisho wa mwezi huu. Nitakaa uani, nitapika, chakula nitakiweka mlangoni. Usinikataze, umezeeka kwa kukataza watu.

Mdogo wako,
Atoo


Makindye
16 Aprili 2025

Mdogo wangu Atoo,

Ruhusa yako imefika, na nimempa Nabwire barua yenyewe. Aliisoma mara mbili, akaomba nikushukuru.

Lakini usije. Una figo moja, na hatujui virusi hivi vingekufanya nini, wala ni dawa gani ingekufaa. Kama umekwisha kukata tiketi ya basi, irudishe. Ni kweli nimezeeka kwa kukataza watu, nawe utanivumilia mara hii moja.

Ruhusa yako peke yake haitoshi tena. Mwezi uliopita nilikuwa na nguvu za kuzipokea dawa zile. Sasa mapafu yamechoka, hata kutoka kitandani hadi dirishani ni safari. Madaktari wa kamati ya hospitali ndio watakaosema kama mwili wangu utahimili kupunguziwa dawa za figo, au kama nitakufa mapema zaidi kwa kujaribu. Nilimwuliza Nabwire, "Na hizi mbili zikishindwa, virusi si vitakuwa vimejifunza kuzikwepa nazo?"

Akasema, "Hilo ndilo ninaloliogopa, mzee. Ndiyo maana lazima ziingie kwa pamoja, na kwa nguvu."

Nilitaka anidanganye kidogo. Hakunidanganya.

Homa ya Amito haijapanda wala haijashuka. Analala katika chumba cha pili. Tumepatana kwamba mmoja akikohoa, mwenzake naye akohoe, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake yupo. Leo mchana nilikohoa, hakujibu. Nilikohoa tena. Niliinuka nikishika ukuta hadi mlangoni kwake, nikaweka mkono kwenye kitasa, nikashindwa kukizungusha. Niliogopa nitakachokikuta. Ndipo nikamsikia akisema, "Nilikuwa nimesinzia, mzee. Rudi kitandani."

Tangu tulipokuwa watoto sijapata kukuambia kwamba naogopa. Naogopa, Atoo.

Kamati inakaa kesho. Uamuzi ukitolewa, uwe wa kuihatarisha figo yako au wa kuniacha nilivyo, utaandikiwa barua siku hiyo hiyo. Usipouona mwandiko wangu kwenye bahasha, utauona wa Amito. Mmoja wetu ataandika.

Kaka yako,
Olanya