Dada, Umeniuliza Mchezo Upi ni Rahisi Kuendesha

Bondeni, Kyela

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ila nguo zangu hazijakauka tangu Jumatatu, maana mvua ya huku haipumziki. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na Shemeji, kile kifua kimeachia? Mimi nafundisha hesabu kama kawaida, na wali nakula mchana na jioni kama mwenyeji.

Nimecheka kusoma kwamba zile kurasa nilizokunakilia kutoka kile kitabu kinene cha mchezo zimewashinda, na kwamba Shemeji alisinzia kabla hamjamaliza kuunda wahusika. Unataka kujua, katika ile michezo mitatu niliyokusimulia, upi ni rahisi kuendesha, ili ucheze na walimu wenzako. Ningekujibu kwa mstari mmoja, lakini kuna jambo limenipata hapa, na bila kulieleza jibu langu halitakamilika.

Unakumbuka michezo hiyo iliachwa na yule mwalimu wa kujitolea wa fizikia alipomaliza mkataba akarudi kwao Ulaya. Si kama bao wala karata. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anakuwa mtu wa kubuni, na mwendeshaji anawaeleza wako wapi na nini kinawakabili. Wao wanasema wanafanya nini. Penye mashaka, dadu linaamua.

Kwangu tunacheza Jumamosi mchana, watu wanne. Yupo Mwalimu Tusajigwe, anayefundisha Kiswahili shuleni kwetu, binti wa Ngonga. Yupo Ambilikile, mfanyabiashara anayevuka kwenda Malawi kwa shemeji zake na kurudi na vitenge. Zamani alivipitisha kwa kificho, siku hizi biashara imefunguliwa anavitandaza sokoni. Wa tatu ni Petro, bwana shamba, mgeni kama mimi, kwao Singida. Wa nne ni mimi, mwendeshaji.

Nilianza na kitabu kinene. Dada, kile kitabu kilinifaa mimi. Kina majedwali ya kila kitu, kuanzia uzito wa mzigo na kasi ya kutembea hadi nguvu ya maji. Niliona hiyo ndiyo haki, kwamba mtu hapendelewi. Kukiendesha ni kazi, Jumamosi ya kwanza yote iliisha tukijumlisha na kutoa, lakini nilijiona nimeshika usukani.

Jumamosi ya tatu, mhusika wa Tusajigwe, mwanamke mwenye mzigo wa dawa, alifika kwenye mto uliofurika. Akasema anavuka. Nikamwambia arushe dadu. Nikatazama jedwali, nikapitisha kidole hadi chini, nikasoma:

"Amezama."

Nikafungua ukurasa wa wahusika wapya. Nilipoinua macho, Tusajigwe alikuwa amesimama, anachukua mwavuli wake.

"Haya, Mwalimu. Kitabu kimesema," akasema, akatoka.

Ambilikile ndiye aliyeniambia. Kaka yake Tusajigwe alichukuliwa na mto akirudi kutoka kwenye mashamba ya mpunga, mwaka mmoja kabla sijahamishiwa huku. Aliyekuwa ng'ambo akimwona ni Tusajigwe mwenyewe.

"Na wewe ulijua, ukanyamaza?" nikamwuliza.

"Nilidhani wewe ndiye unayeendesha," akanijibu.

Shuleni Tusajigwe alinisalimu vizuri, akapita. Wiki mbili hivyo hivyo. Nilikosa hamu hata ya kusahihisha madaftari. Mwisho nikakodi baiskeli, nikaenda kwao Ngonga. Mama yake alinipokea, akaniambia "ndaga", asante ya huku, mara nyingi kama vile mimi ndiye niliyemfanyia hisani, akatuachia viti barazani.

Nikamwomba radhi Tusajigwe kwa kumkumbusha mto. Akasema:

"Mito iko kila mahali huku, Yusufu. Siwezi kukasirikia mto. Uliniudhi kwa sababu hukuniuliza nikiwa ndani ya maji nafanya nini. Ulisoma tu."

Njiani kurudi nilishuka nikakokota baiskeli kwenye matope, nikiwaza watoto wangapi darasani nimewapa sifuri bila kuuliza walifikaje pale.

Alirudi Jumamosi iliyofuata. Tukajaribu kijitabu chembamba, kinachotumia dadu moja, kama la ludo. Kukifahamu ni robo saa tu. Lakini kuna ugumu wake: kwa kuwa sheria ni chache, kila jambo unaliamua wewe, na Ambilikile alinisumbua kwa kila dadu kama mtu anayetaka kupunguziwa bei ya debe la mchele. Petro akamwambia afanye biashara yake sokoni. Nilichoka kuliko nilivyochoka na majedwali.

Mchezo wa tatu hauna dadu kabisa. Mwendeshaji anauliza, watu wanajibu, hadithi inakwenda. Mimi niliogopa, sina pa kujificha. Nikamwomba Tusajigwe auendeshe, nami nikae upande wa wachezaji.

Hakuandika chochote. Alitupeleka kijiji kimoja cha ziwani, akatupitisha bondeni, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Mto umejaa. Kuna mtu katikati. Mnafanya nini?"

Petro akasema anakimbia kuita watu. Ambilikile akasema anafungua kitenge kirefu kwenye mzigo wake, anakirusha. Tusajigwe akanigeukia.

"Sijui kuogelea," nikasema. "Nakaa ukingoni namwita, ili ajue nchi kavu iko upande gani."

Nikadhani nimeharibu tena. Kisha akasema, "Anasikia." Na baada ya muda, "Endelea kumwita."

Nikamwita. Dada, mtu mzima mwenzio nilikaa mezani namwita mtu asiyekuwapo, na hakuna aliyecheka. Hakutuambia kama alivuka, nasi hatukumwuliza. Alikunja kanga yake, akatuhadithia mwenyewe, kwa mara ya kwanza, jinsi kaka yake alivyokuwa akipiga mluzi shambani.

Basi jibu langu ni hili. Kwa wewe na walimu wenzako, anza na chembamba. Nimekunakilia chote, kiko humu kwenye bahasha. Kinene mpe mtu anayependa hesabu. Ule usio na dadu ni rahisi kwa anayejua kusikiliza, na mimi bado najifunza, kwa hiyo usiniulize sana. Ila kwanza wajue vizuri utakaokaa nao mezani.

Mwamkie Mama, na umwambie mguu asiukalie. Msalimie Shemeji, na shangazi yetu wa kule stesheni. Tusajigwe ameniuliza kwetu Korogwe kukoje. Nimegundua nilianza kumweleza kwa kilomita.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Yusufu