Karatasi Zilizoshonwa kwa Uzi wa Bluu

Kwa mama yangu mpendwa,

Habari za huko Bomet? Goti la baba limepoa? Na yule ng'ombe alizaa salama? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Kabla hujasoma mbele, mama, tafadhali angalia sanduku la mbao chini ya kitanda changu. Ukiona karatasi zimeshonwa kwa uzi wa bluu, ziweke mbali na jikoni.

Sasa nikueleze. Majina ya watakaofuzu yalibandikwa juzi hapa chuoni. Tulisukumana pale kama watu wakipimiwa majani chai mvua ikikaribia. Jina langu liko. La Kiprono wa jirani haliko. Wanasema hakupeleka insha yake ya mwisho, kwa hivyo atangoja mwaka mzima. Anaapa aliiandika, lakini huku tumejaa mpaka wengine wanasomea dirishani, nani atamkumbuka?

Ukweli ninao mimi. Siku ya kupeleka insha, Kiprono alikuwa amelala na malaria, akanipa yake, ile ya uzi wa bluu, nipeleke pamoja na yangu. Foleni ilizunguka jengo. Karani aliandika yangu kwa kitabu, halafu akafunga dirisha akaenda kula. Sikungoja, nilitaka kuona mpira. Nikamdanganya Kiprono kwamba nimepeleka zote mbili, nikijua kesho nitarudi. Kesho yake kukawa na vurugu, chuo kikafungwa, tukaambiwa tuondoke kabla ya saa sita. Nilitupa kila kitu kwa sanduku nikaja nyumbani, na ile insha nikaisahau kabisa. Tena ni mimi nilikuambia karatasi za sanduku ni za zamani, uwashie moto.

Jana nilimwambia Kiprono. Hakunipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Aliniuliza tu, "Na mama yangu, umemwambia?"

Nilienda kwa mwalimu wetu nikakiri. Atangoja insha mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, zaidi ya hapo hawezi. Anayekuletea barua hii anarudi Nairobi Jumatatu, anaweza kuibeba.

Mama, najua wewe na mama Kiprono mmeshaweka maziwa kwa vibuyu, mursik ya sherehe yetu wawili, na mmeshaona mahali mtakata mmea wa sinendet wa kutuvisha shingoni. Mimi sitavaa peke yangu. Kama karatasi ziko, mpelekee mama Kiprono kwanza, azitume kwa mkono wake mwenyewe. Kama ulishazichoma, nenda kwake hata hivyo, kabla hajasikia kwa watu sokoni. Usimwambie ofisi ilipoteza. Mwambie ni mwanao.

Nisalimie baba, nyanya, na dada yangu Chebet akirudi kutoka kuchuma majani. Mama Kiprono sijamwandikia salamu. Nitasimama mlangoni kwake mwenyewe, hata akikataa kunifungulia.

Ni mimi mwanao,
Kipkoech