Pombe ya Mahari ya Odette

Alhamisi, mwezi wa saba. Jua limetoka mapema na upepo wa ziwani umelala. Vumbi la hapa kambini Kashojwa limekaa chini kwa mara ya kwanza wiki hii. Siku nzuri ya kuanika mtama, ingawa leo sikuanika. Sababu nitaieleza.

Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya mahari ya mdogo wangu Odette. Yeye anashona nguo Mbarara. Mchumba wake, Byamungu, ni fundi wa kuchomelea vyuma hapohapo Mbarara, Mkongomani wa Uvira, kijana mpole asiyepandisha sauti hata chuma kikimchoma. Baba na mama hatunao tena, kwa hiyo pombe ya mahari ni kazi yangu mimi dada mkubwa. Hakuna aliyenipangia, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama nitaiweza.

Nitaiweza. Nasema hivyo bila kujisifu. Impeke, pombe yetu ya mtama, nimeipika tangu mama yangu alipokuwa ananikaripia kwa kukoroga upande mbaya. Urwarwa wa ndizi naujua pia, ingawa kule Burundi ilikuwa kazi ya wanaume. Huku kambini mikono ni mikono.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mkubwa. Mitungi mitatu ya impeke kwa wazee, ivutwe kwa mrija kama inavyotakiwa. Mapipa mawili ya urwarwa kwa majirani na vijana. Na kwa wakwe zetu, ambao ni walokole na hawagusi kilevi, umutobe kidogo, yaani maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe. Nilitaka watu wanywe, wafute midomo, halafu waulize: hii imepikwa na nani?

Ndiyo, nilitaka waulize. Hapa kwenye blogu yangu sina sababu ya kujificha.

Kisha ikaja Jumapili iliyopita.

Wazee wa pande mbili walikutana nyumbani kwangu baada ya misa ili kupanga siku. Upande wetu aliongea baba mdogo Gaspard, mdogo wa marehemu baba. Upande wao alikuja Mama Byamungu, anayeishi upande mwingine wa kambi, na kaka yake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye vinywaji. Mama Byamungu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye anaomba siku ile pasiwe na pombe kabisa. Si kidogo. Pasiwe.

Baba mdogo alicheka akidhani ni utani. Alipoona si utani, akasema Mrundi hapokei mahari kwa mdomo mkavu, kwamba maneno bila mtungi hayamezeki, na kwamba kama hakuna impeke hakuna mahari. Mama Byamungu akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akatuaga kila mmoja kwa heshima, akaondoka. Kaka yake akamfuata.

Jumatatu Odette akanipigia simu kutoka Mbarara akilia. Byamungu alikuwa amejaribu kuongea na mama yake, na mama yake alikuwa amenyamaza tu. Nikamwambia Odette asilie, itapita. Nilipokata simu nikaenda moja kwa moja kulowesha mtama.

Mtu aliyelowesha mtama ameshaamua. Mtama hausubiri watu wapatane. Ukishakunywa maji unaota, upende usipende.

Sasa leo.

Asubuhi nilifunua majani ya mgomba ili nitazame mtama ulivyoota. Nilikuwa nimeinama, mikono imejaa mtama wenye mizizi myeupe, nikasikia mtu anabisha hodi langoni. Mama Byamungu. Peke yake, bila kaka yake, viatu vyake vyekundu kwa vumbi, maana kutoka kwao mpaka kwangu ni mwendo.

Nikajua amekuja kuvunja uchumba. Mtu hatembei mbali hivyo asubuhi kuleta salamu.

Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Akaja pale nilipokuwa, akachutama, akachukua mtama kidogo kwenye kiganja, akang'ata punje moja kwa meno ya mbele.

"Hii ulilowesha siku gani, Mama Nadia?"

"Jumatatu, mama."

"Uiache tena siku moja. Mizizi ingali mifupi. Ukianika leo, itakosa utamu."

Nikamtazama mdomo wazi. Huyu ni mwimbishaji wa kwaya. Huyu ni mama ambaye soda akipewa anauliza kwanza kama ni soda kweli.

Akaona ninavyomtazama, akatabasamu kidogo. Kisha akaniambia, na nitayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu sitaki kuyapamba.

"Mimi nilikuwa natengenezaka kasiksi." Kasiksi ni pombe ya ndizi ya kwao, ndugu wa urwarwa wetu. "Kule milimani, juu ya Uvira, batu balikuwa banatoka mbali kuifuata. Bwana yangu njo alikuwa wa kwanza kuionja, kila siku. Ile siku vita ilifika, yeye alikuwa ku kilabu. Nilimutuma mutu amwite. Nikamutuma wa pili. Tukangoja, tukangoja, masasi ya bunduki inakaribia. Nikabeba Byamungu mugongoni, tukaenda."

Akarudisha mtama uliobaki kiganjani, punje kwa punje, kwenye majani.

"Hatukumuona tena. Mpaka leo sijue kama ile alikuwa anakunywa ni kasiksi yangu ao ya mutu mwingine."

Nilikaa tu chini kando yake.

"Sikatae ndoa," akasema. "Odette ninamupenda kama mutoto yangu. Lakini siwezi kukaa pale nione mwana yangu anainama ku mutungi, batu banamupigia makofi."

Hapo nikaelewa. Kwetu, mkwe mpya hupewa mrija wa kwanza. Akiinama na kuvuta, ukumbi wote unapiga makofi na vigelegele. Kwetu sisi ni furaha tupu. Nimeiona mara nyingi na sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuitazama na kuona kitu kingine.

Nikamuuliza kama Byamungu anajua habari hii. Akasema anajua kwamba baba yake alipotelea vitani. Mengine hapana. Akaniomba nisimwambie yeye wala Odette, atamwambia mwenyewe akishaoa, akiwa na nyumba yake. Kwa wazee naweza kusema, kama itasaidia. Na hapa pia aliniruhusu kuandika, nilipomwambia kwamba majina yote kwenye blogu yangu nayabadilisha, na kwamba Odette na Byamungu hawaisomi. "Andika," akasema. "Labda kuko mama mwingine."

Nikamwambia: mama, mrija hautamfikia mwanao. Niachie hilo.

Nilisema hivyo kwa uhakika mkubwa, na alipoondoka tu nikaanza kujiuliza nimeahidi nini. Kwa sababu kati yangu na ahadi ile alikuwa amesimama baba mdogo Gaspard, na baba mdogo hajawahi kubadilisha neno lake tangu nimjue.

Mchana nikamfuata kwenye shamba lake la maharage. Alikuwa anapura, maganda yamemjaa kichwani. Kabla sijakaa akasema, "Kama umekuja kwa habari ya mtungi, rudi."

Nikasema nimekuja kwa habari ya mtungi.

Akaendelea kupura. Nikaongea huku anapiga, nikingoja fimbo ipande ndipo niseme. Nilimsimulia yote: kasiksi, kilabu, watu wawili waliotumwa, mtoto mgongoni. Mahali fulani katikati fimbo iliacha kupanda. Sikumbuki ni wapi.

Baba mdogo naye aliacha watu njiani alipokimbia Burundi. Ndiyo maana nilikwenda kwake na ukweli na si na hoja. Kwa hoja angenishinda.

Akauliza, "Hakurudi kabisa?"

"Hakurudi, baba mdogo."

Akajikung'uta maganda kichwani, taratibu, kama mtu anayetafuta kazi ya kuipa mikono. Kisha akasema mtungi hautaonekana kwenye mahari. Utakaa nyumbani kwake. Maneno yakiisha, mahari ikishapokewa, wakwe wakishaagana nasi, wazee wetu wenye kiu watamfuata kwake, na huko kila mtu atavuta mrija wake. Mkwe hatakwenda.

"Na tutaongea na nini mdomoni?" nikamuuliza, kwa utani, kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

"Na huo mtobe wenu," akasema. "Lakini usitie maji, mwanangu. Wakongomani wasije wakasema Warundi tuliwanywesha mto."

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Nililia pia, kidogo, pale kwenye kona ya kinu ambapo hakuna mtu.

Nikampigia Odette. Sikumwambia ya Mama Byamungu, nilimwambia tu kwamba wazee wamepatana. Nikasikia cherehani za wenzake zikilia nyuma yake. Kisha akauliza, "Baba mdogo amekubali? Huyu wetu?" Nikamwambia huyuhuyu. Akapiga kelele hadi cherehani zikanyamaza. Ameahidi kwamba Byamungu atatuma mapipa mawili mapya yenye mifuniko. Nimesisitiza mapya, yasiyowahi kuwekwa pombe wala dawa.

Kwa sababu sasa mpango wote umegeuka, na nimekaa hapa nikiupanga upya.

Impeke inabaki mtungi mmoja tu, wa baba mdogo na wenzake. Mtama nauacha uote mpaka kesho, kama nilivyoambiwa, halafu niuanike, Jumatatu niusage, katikati ya wiki nipike uji na kuuchachusha. Huo haunisumbui. Naweza kuupika nimefumba macho.

Urwarwa nimeufuta. Hakuna urwarwa.

Ndizi zote zinakwenda kwenye umutobe, na hapa ndipo penye kazi. Watu hudhani pombe ndiyo ngumu. Pombe inajipika, wewe unaingoja tu. Umutobe ndio unaotaka macho, maana haukai. Ukiukamua alfajiri, mchana ni mtamu, jioni umeanza kukuna ulimi, na kesho yake ni pombe. Kwa joto hili la kiangazi sijui saa yake hasa. Na nikikosea saa, nitawanywesha walokole kilevi kwenye mahari ya mdogo wangu, mbele ya mama yule. Afadhali nivunje mitungi yote.

Kwa hiyo sitabahatisha. Jumamosi hii nitakamua ndizi kidogo za majaribio, zilizokwisha kuiva, nichuje maji yake mara mbili na kuyaweka kivulini kwenye pipa lililofunikwa. Nitaonja mara kwa mara mpaka ulimi uniambie yamebadilika. Hapo nitajua siku yenyewe tukamue saa ngapi na tunywe kabla ya saa ngapi. Ndizi za siku yenyewe nitazifukia kwenye shimo zikishafika, ziivie kwa moshi.

Ninaona uchungu kidogo kwa ajili ya ile mitungi mitatu. Ndiyo. Nilikuwa nimeshasikia watu wakiuliza imepikwa na nani. Sasa watakunywa kitu ambacho kila mtoto wa Burundi amewahi kunywa, na hakuna atakayeuliza. Lakini nikijiuliza kwa ukweli kama ningependa sifa ile huku mama mmoja ameinamisha uso kwenye kiti chake, jibu ninalo. Halikunichukua muda.

Na bado utakuwa umutobe mzuri kuliko wowote waliowahi kuonja. Hilo naweza kuliapia.

Jioni hii Mama Byamungu alinipigia. Nilimweleza alivyosema baba mdogo. Alishukuru Mungu kwa muda mrefu, kisha akauliza ndizi nazitoa wapi. Nikamwambia sokoni Kaberebere, kesho asubuhi, naenda kuzichagua mwenyewe.

"Twende wote," akasema. "Bale bauzaji batakuibia. Mimi ndizi ninazijua."

Kwa hiyo kesho tunakwenda Kaberebere, mimi na mama mkwe wa Odette. Sijui tutaongea nini njia yote ile. Nadhani tutaanza na ndizi.