Waridi za Baba Wanja

Kitengela, Jumanne usiku

Ameng'oa zote. Nilikuwa nimeenda sokoni, na niliporudi nikamkuta mume wangu ameshika jembe, waridi zake zimelala chini, hata ile nyekundu ya kizamani aliyoitoa kwa mama yake Limuru mwaka tuliooana. Harufu yake ilikuwa imejaa boma lote.

"Haya magugu yalikuwa yanamaliza maji ya tanki," akaniambia, amefurahi kabisa.

Daktari alisema huu ugonjwa wa kusahau utakuja polepole. Sikujua utafika mpaka kwa maua.

Sikumgombeza. Miiba ilikuwa imemkata mikono, nikamwosha, nikampa chai. Baadaye akatoka nje, akaona, akaanza kulia. "Mama Wanja, nani ameharibu waridi zangu?"

Nikamwambia ni mbuzi za jirani.

Akanishika bega. "Basi wewe usilie. Nitakupandia zingine."

Nimeweka vijiti vichache vya ile nyekundu kwenye ndoo ya maji. Naomba Mungu vitoe mizizi akiwa bado ananijua.